Alhaji Malik Shabazz: Mtumwa wa Dawa Aliyewatoa Wengine Utumwani

Ukiteremka Ndia Kuu ukaingia Kibokoni baada ya sala ya alasiri, utawakuta wazee wamekaa barazani na vikombe vyao vya kahawa, na vijana wamesimama pembeni na mazungumzo yao. Ni machache mambo ambayo makundi mawili haya huyazungumza kwa sauti moja, lakini jina la Malcolm X ni mojawapo. Wazee wanamkumbuka kwa sababu mwaka 1964 alikuja huku kwetu Afrika ya Mashariki, akapokewa Dar es Salaam na Nairobi. Vijana wanamjua kwa filamu iliyotengenezwa mwaka 1992 na kwa picha yake iliyochapwa kwenye fulana. Wote husifu ulimi wake na ujasiri wake mbele ya wazungu wa Marekani.

Iko sehemu moja ya maisha yake, hata hivyo, ambayo barazani hupitwa mbiombio kama mtu apitaye mbele ya nyumba yenye ugomvi. Nayo ni kwamba mtu huyu alikuwa mlevi wa pombe, bangi na kokeni, kwamba aliwacha, na kwamba baada ya kuwacha alishiriki katika kazi ya kuwatoa wengine katika unga. Sehemu hiyo ndiyo itakayotushughulisha leo, kwa maana hakuna mtaa wa kisiwa hiki, tangu Mlango wa Papa hata Bondeni na Makadara, usioijua shida hiyo.

Unga ulianza kuonekana Mombasa katika miaka ya mwanzo ya 1980. Kwanza ulikuwa ule wa rangi ya kahawia, ukivutwa. Hata ilipokaribia 2000 ukaingia mweupe, na sindano nayo ikaingia. Kete moja ikafuatwa na nyingine, na neno teja, ambalo babu zetu hawakulijua, likawa la kila siku. Nyumba nyingi zilipatwa, za matajiri na za maskini, na nyumba hizo zilifanya lile ambalo watu wenye haya hufanya: zilifunga mlango. Mtoto akasemwa yuko safarini, au ana homa, au amefanyiwa kijicho. Basi na tumtazame mtu ambaye mlango wake ulifunguliwa.

Alizaliwa tarehe 19 Mei 1925 katika mji wa Omaha, jimbo la Nebraska, akaitwa Malcolm Little. Baba yake, Earl Little, alikuwa mhubiri wa Kikristo na mfuasi wa Marcus Garvey, yule aliyewataka watu weusi wajitegemee na waikumbuke Afrika. Mama yake, Louise, alizaliwa kisiwa cha Grenada. Mwaka 1931, walipokuwa wakikaa Lansing, Michigan, baba alikutwa kwenye reli amekanyagwa na tramu. Wakubwa wa mji walisema ni ajali. Watu wa nyumbani hawakusadiki hata siku moja. Mama akalea peke yake kundi la watoto wadogo katika miaka ya njaa, hata akili yake ikachoka, na mwaka 1939 akapelekwa hospitali ya wagonjwa wa akili, akakaa huko miaka mingi. Watoto wakagawanywa kama vyombo vya mnada.

Malcolm alikuwa hodari skulini. Siku moja alimwambia mwalimu wake kwamba anataka kuwa mwanasheria, na mwalimu, kwa upole kabisa, akamshauri afikirie useremala, kwa kuwa uanasheria si kazi ya mtu wa rangi yake. Useremala ni kazi ya heshima, na mafundi wetu wa milango ya nakshi wanalijua hilo kuliko mimi. Lakini kijana aliambiwa kwamba kichwa chake hakina kazi, na tangu siku hiyo hakukipa kazi ya maana kwa muda mrefu.

Mwaka 1941 alikwenda Boston kwa dada yake wa baba mmoja, Ella. Alipata kazi ya kupiga viatu rangi katika ukumbi wa dansi, na humo akajifunza pombe, kamari na bangi. Kisha akauza vyakula ndani ya treni, ikampeleka New York, akauona mtaa wa Harlem na asitake tena kuondoka. Alikuwa mtumishi wa meza katika kilabu maarufu; alipofukuzwa akawa muuzaji wa bangi kwa wapiga muziki, akiwafuata mji kwa mji kwa kutumia kitambulisho chake cha reli. Kokeni ilimwingia katika siku hizo. Alitembea na bastola, akawa haamini kivuli chake. Mwishowe akarudi Boston, akaunda genge la kuvunja nyumba, na Januari 1946 alikamatwa kwa sababu ya saa ya wizi aliyoipeleka kwa fundi itengenezwe. Alihukumiwa kifungo cha miaka 8 hadi 10, na bado hajatimiza miaka 21.

Wako wataalamu wanaosema kwamba katika kitabu cha maisha yake, alichomsimulia Alex Haley na kikatoka mwaka 1965, alizidisha chumvi juu ya uovu wake wa ujana. Manning Marable, aliyeandika maisha yake katika kitabu kilichotoka mwaka 2011, ni mmoja wao. Huenda ni kweli. Mtu aliyetubu hupenda shimo alilotoka lionekane refu. Hata tukipunguza chumvi hiyo, kinachobaki chatosha.

Jela ya Charlestown ilikuwa jengo kuukuu, vyumba havina maji, haja hufanyiwa ndooni. Mtu angedhani kwamba huko, kati ya kuta nne, ulevi ungekoma wenyewe. Haukukoma. Na hapa msomaji wa pwani atashangaa, maana kilevi cha kwanza alichokishika Malcolm gerezani ni kitu kilichomo katika kila jiko letu: kungumanga. Wafungwa waliofanya kazi jikoni waliiba kungumanga ya unga, wakaiuza kwa kipimo cha sanduku la kibiriti. Mnunuzi akaikoroga katika maji baridi akanywa, akalewa. Kina mama wa Mji wa Kale hukwangua kidogo tu katika maandazi au uji, na bibi zetu walijua kwamba ikizidi humlegeza mtu. Malcolm aliinywa kwa makusudi. Alipopata fedha kutoka kwa jamaa zake, alinunua bangi na vidonge kutoka kwa askari wa jela wenyewe.

Nalisema jambo hili kwa kituo kwa sababu bado wako wazazi wanaokwenda kituo cha polisi kuomba mtoto wao afungwe ili apone. Gereza lilimzuia Malcolm asiibe. Kiu yake halikuigusa. Wafungwa wenzake walimpa jina la Shetani kwa jinsi alivyotukana kila kitu, Mungu na watu.

Waliomwanzisha safari ya kutoka walikuwa wawili, na wote wawili hawakuwa waganga. Wa kwanza ni mfungwa mmoja mzee kidogo, aliyemwita Bimbi, mtu wa vitabu, aliyeweza kunyamazisha jela nzima kwa maneno yasiyo na tusi hata moja. Huyu alimwambia kwamba ana akili na aitumie. Ni jambo dogo, lakini tangu yule mwalimu wa skuli hakuna aliyemwambia hivyo. Wa pili ni ndugu yake wa damu, Reginald. Jamaa zake wengi walikuwa wameingia katika jumuiya ya Elijah Muhammad iliyojiita Taifa la Uislamu. Kaka yake Philbert alimwandikia kwanza kwa maneno ya dini, naye akajibiwa kwa matusi. Reginald alimjua ndugu yake zaidi. Alimwandikia kwa ufupi asile tena nyama ya nguruwe, asivute tena sigara, naye atamwonyesha njia ya kutoka jela.

Malcolm alidhani ni hila mpya ya kuwadanganya wakubwa wa gereza. Akaiwacha sigara. Baada ya siku tatu au nne sahani ya nguruwe ikapita mezani, akaisukuma mbele bila kula, na habari ikaenea jela yote kwamba Shetani amekataa nguruwe. Alifurahi kwa kustaajabiwa, na furaha hiyo, ingawa ndogo na ya majivuno, ilikuwa ya kwanza kuipata bila ya kilevi. Alikuja kuelewa baadaye kwamba siku ile alishika mwenendo wa Kiislamu kabla hajaujua Uislamu.

Mwaka 1948 alihamishiwa gereza la Norfolk, lenye maktaba kubwa. Huko aliichukua kamusi akainakili kwa mkono wake ukurasa baada ya ukurasa, akasoma usiku kwa mwanga wa taa ya ujiani hata macho yakaharibika. Ile miwani inayoonekana katika picha zake ilianzia huko. Kazi moja ilimshinda siku nyingi, nayo ni kupiga magoti kwa ajili ya kuomba. Mtu aliyekuwa akipiga magoti ili kufungua kufuli za watu aliona haya kupiga magoti mbele ya Mola wake. Ilimchukua kama wiki moja kujilazimisha.

Aliachiliwa Agosti 1952. Jina la Little akalitupa, akaweka X mahali pa jina la mababu lililopotea katika utumwa, na mwaka 1954 akapewa msikiti wa jumuiya hiyo huko Harlem, mtaa ule ule aliokuwa akiuza bangi. Kitu cha kwanza alichofanya ni kuwatafuta wenziwe wa zamani. Wengine walikuwa wamekufa, wengine wamefungwa. Mmoja, mzee wa bahati nasibu za uchochoroni aliyekuwa zamani akiogopwa na mtaa mzima, alimkuta mgonjwa katika chumba cha kupanga, hana nguvu hata ya kusimama vizuri.

Harlem ya miaka hiyo ilikuwa imezama katika heroini, unga huu huu tunaoujua. Katika jumuiya ya Malcolm waliingia watu waliokuwa mateja na wakawacha, na hao ndio waliokuwa nguzo ya tiba aliyoieleza kwa kirefu katika kitabu chake. Hawakukaa msikitini kungoja wagonjwa. Walirudi vichochoroni, penye wale waliokuwa wakigawana nao sindano, wamevaa suti safi, wamenyoa ndevu, wakakaa nao. Teja alipowatazama aliona mtu anayemjua, aliyekuwa mchafu kuliko yeye, naye sasa ni mzima. Hapakuwa na haja ya hotuba.

Kazi hiyo iliweza kuchukua miezi. Kwanza walimwongoza mpaka akiri kwa kinywa chake kwamba ni mtumwa wa dawa, maana teja, kama tunavyojua, hudai daima kwamba anaweza kuwacha kesho. Halafu wakamfunulia kwa nini alianza: kwamba alikuwa akijaribu kuzima uchungu wa kudharauliwa kwa rangi yake katika nchi yake mwenyewe. Kisha wakamwonyesha kwamba njia ya kutoka iko, na ushahidi ni wao. Wakamjenga heshima yake iliyobomoka, tofali kwa tofali, mpaka aamini kwamba nguvu ya kuwacha imo ndani yake. Na hapo tu, kwa hiari yake mwenyewe, ndipo alipoingia katika siku za arosto.

Arosto ya heroini huanza saa chache baada ya kete ya mwisho, huwa kali zaidi siku ya pili na ya tatu, na hutulia kiasi cha wiki moja. Mwili huuma mpaka mifupani, tumbo huharibika, usingizi hukimbia, mtu hutetemeka kwa baridi huku akitoka jasho. Huko Harlem teja alilazwa mahali pamoja na ndugu hawa, nao wakamlinda kwa zamu usiku na mchana. Alipowatukana hawakujibu. Alipoomba kete moja tu, ya mwisho, walimjibu kwa lugha yake ya vichochoroni, kwa kuwa wao walishaomba hivyo hivyo, na kila ujanja aliotaka kuutumia walishautumia kabla yake. Alipoinuka, dhaifu kama mtu aliyetoka katika homa ndefu, nyuso za kwanza alizoziona zilikuwa zao, na hakuzisahau. Akisha kupata nguvu, kazi yake ilikuwa kwenda kumvua mwingine, kama mvuvi aliyeokolewa baharini akapewa ngalawa.

Msomaji asidhani kwamba nausifu mpango huo wote. Siku hizi madaktari wanajua mambo ambayo Harlem haikuyajua au haikuyajali. Mlevi wa pombe wa miaka mingi akikatishwa ghafula anaweza kushikwa na kifafa na weweseko, akafa. Huyo hafungiwi chumbani, apelekwe hospitali. Teja wa unga aliyekaa wiki au miezi bila kutumia, akirudia kipimo chake cha zamani anaweza kufa hapo hapo, maana mwili umekwisha kusahau. Na iko methadoni, dawa inayonywewa kila siku mbele ya mhudumu ikaondoa arosto na tamaa. Serikali ilianza kuitoa Malindi mwaka 2015, na baadaye hapa kwetu Kisauni. Wapo mashekhe na wazazi walioipinga, wakisema ni kubadilisha kilevi kwa kilevi. Mimi nimeona mtu aliyekuwa akilala chini ya ukuta akirudi kazini kwa sababu yake, na siwezi kujiunga na wanaoipinga.

Mwisho wa 2010 na mwanzo wa 2011 unga uliadimika Pwani kwa miezi kadhaa. Mateja wa Mombasa walishikwa na arosto kwa pamoja, mchana kweupe, na ikabidi huduma ya dharura ipangwe. Watu ambao jamaa zao walisema wako safarini walionekana wamelala barazani. Siku hizo ndipo wengi walipojua ni wangapi.

Lakini ile habari ya Harlem ya mtu aliyevuka kumrudia aliyezama, hiyo haijapitwa na dawa yoyote. Omari Project, ulioanza Malindi katika miaka ya 1990, na Reachout hapa Mombasa, ziliwatumia watu waliokwisha kuwacha kwenda maskani kuwatafuta wenzao. Wanaofanya kazi hiyo wanasema jambo moja: teja huweza kumdanganya mama yake, imamu na daktari kwa siku moja, lakini hamdanganyi teja mwenzake. Taabu yetu ni kwamba kijana akisha kuwacha, mtaa humtazama vile vile. Posa yake hukataliwa, dukani hufuatwa kwa macho, na jina la teja hubaki mgongoni mwake. Harlem walimvisha suti wakampa kazi ya kuokoa watu. Sisi humwambia ashukuru kwamba hatumfukuzi.

Turudi kwa Malcolm. Mafundisho ya Elijah Muhammad hayakuwa Uislamu tuujuao. Alidai utume, na alifundisha kwamba mzungu ni shetani kwa maumbile. Malcolm aliyahubiri hayo kwa miaka 12, na hatuna haja ya kulificha. Machi 1964 aliiwacha jumuiya hiyo, na mwezi uliofuata akaenda kuhiji. Alipofika Jeddah aliona haya kwa mara nyingine: yeye, mhubiri mkubwa, hakujua kuswali sawasawa, wala matamshi ya Kiarabu, jambo ambalo mtoto wa chuoni hapa kwetu hulijua akiwa na miaka saba. Akajifunza kama mtoto. Makka alikula sahani moja na Waislamu wa rangi zote, wakiwamo weupe, akaandika kwao Marekani kwamba fikira zake zimebadilika. Akawa Alhaji Malik Shabazz.

Oktoba ya mwaka huo alikuwa Dar es Salaam, akaonana na Mwalimu Nyerere na Bwana Abdulrahman Babu. Alipoondoka kuja Kenya alijikuta katika ndege moja na Mzee Jomo Kenyatta na Bwana Milton Obote. Nairobi alizungumza na viongozi akiomba Afrika ilipeleke suala la watu weusi wa Marekani mbele ya Umoja wa Mataifa. Hakuwa na dalili yoyote ya yule kijana wa kungumanga. Chai na kahawa ndivyo vilivyokuwa vinywaji vyake.

Tarehe 21 Februari 1965 alipigwa risasi akiwa jukwaani katika ukumbi wa Audubon, New York, mbele ya mkewe Betty, aliyekuwa mja mzito, na binti zake. Alikuwa na umri wa miaka 39. Shekhe mmoja kutoka Sudan alimwosha na kumvika sanda kwa kanuni za dini, akasaliwa, na tarehe 27 akazikwa Hartsdale, nje ya mji. Wachimba kaburi wa huko walikuwa wamesimama kando na makoleo yao, wakingoja watu waondoke ili wafukie, kama ilivyo desturi ya nchi hiyo. Rafiki zake hawakuondoka. Waliyachukua makoleo mikononi mwa wale wachimbaji, wakamfukia wenyewe.